Viti Vilivyoazimwa

Kutosi, umeuliza kwa nini tunasimama
kila asubuhi, saa tatu kasorobo,
kama watu wanaongoja treni
katika mji ambao reli yake imeota nyasi.

Jibu halimo kitabuni.
Jirani alifiwa. Walikuja kuazima viti,
tukatoa vyote sita, hata kile cha mguu mbovu,
na matanga ya hapa Mbale hayaishi kwa siku moja.
Siku tatu tuliongea tukiwa wima,
magoti yakafupisha maneno.
Viti viliporudi, hakuna aliyekalia chake
kabla ya kusema lake.
Basi.

Mwanzo wetu haukuwa na mwanzo.
Alikuwapo Wamimbi, na kibodi isiyo na herufi K,
hata neno kahawa alilinakili kutoka faili la jana.
Lilikuwapo ghala, na programu ya kupima kilo
iliyosafiri kwa flashi, ndani ya soksi,
juu ya bodaboda, mpaka Budadiri.
Alirekebisha papo hapo, wakulima wakiwa foleni,
gunia likiwa juu ya mizani.
Tuliita hiyo kazi. Haikuwa na jina jingine.

Umeme ulipokatika mara nne mchana mmoja
tukajifunza kuhifadhi kidogo kidogo,
kama kuku anavyokunywa:
tone moja, kichwa juu.

Halafu nukta.
Nukta moja, Kutosi, ndogo kuliko yai la chawa.
Kilo arobaini na moja nukta mbili
zikawa mia nne kumi na mbili,
na Mama Nabifo wa Buyobo akalipwa
kahawa ambayo mlima haukuizaa.
Alirudi na fedha zimefungwa kitambaani,
amekasirika kana kwamba tumemtukana:
"Hapa ghalani anayepima siye anayeandika,
anayeandika siye anayelipa.
Kwenu huko kwenye kioo, mtu mmoja ndiye wote watatu?"
Wamimbi alinyamaza mpaka jioni.
Tangu siku hiyo msimbo wako nausoma mimi,
wangu anausoma Nelima,
na hakuna anayepitisha cha kwake.

Wiki mbili mbili? Ni Alhamisi ya malipo.
Ijumaa hatugusi seva? Muulize Wepukhulu
alivyoikosa harusi ya dada yake.
Mwaka wa imbalu ratiba hukonda yenyewe:
nusu ya timu iko barabarani, imepakwa unga, inacheza.

Kisha tukapata fedha, fedha zikaleta mtaalamu
kutoka Kampala, na ubao, na kadi za rangi nne,
na vikao vya kupanga vikao.
Miezi minane tulimlisha ubao
kama ng'ombe wa mahari asiyekamuliwa.
Wamimbi alihesabu: katika siku kumi za kazi,
saa kumi na tisa za kuizungumzia kazi.
Usiku mmoja mvua ikaingia dirishani,
kadi zikalowa, zikaanguka, rangi zikaingiliana,
na asubuhi hakuna aliyekumbuka nusu yake zilisema nini.
Hizo hatukuziandika tena.

Kwa hiyo usiniulize nani aliubuni utaratibu.
Ni nguo ya viraka; chini ya kila kiraka pana tundu,
na mengi ya matundu hayo naweza kukuonyesha.
Si yote. Kanuni ya saba inasema
kompyuta ya pembeni isizimwe kamwe.
Hakuna anayejua sababu.
Hakuna anayethubutu.

Jana Nelima, mimba ya miezi minane,
alivuta kiti, akasema lake ameketi.
Maneno yake hayakurefuka.
Wamimbi akachukua penseli
(kalamu ya wino ipo, droo ya juu, haijafunguliwa)
akaandika ukingoni: anayechoka akae.

Leo ni zamu yako kuanza.
Simama, au keti.
Jana ulikwama wapi?